Mkubwa Yuko kwa Mitingi

Juzi mjukuu wangu Akinyi alinifukuza kutoka sebuleni kwangu mwenyewe. Niliingia na chai asubuhi, mtaa wetu wa Langas ukiwa na ile baridi ya kuuma masikio, nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta, juu amevaa koti la ofisi na mkufu, chini amejifunga blanketi la mtoto. Akanipungia mkono kama mtu anayefukuza kuku kwa mahindi. "Dani," ndivyo anavyoniita nyanya yake, "toka, niko kwa mitingi!" Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa ni yeye, blanketi, na jogoo wa jirani anayewika nje ya dirisha.

Sikukasirika. Huyo ni Akinyi, wa kwanza kwetu kusoma mpaka masomo yakaisha, na akitaka hata kitanda changu nitahama nilale jikoni. Lakini nilipofika nje nilicheka peke yangu mpaka mama anayefua hapo jirani akaniuliza kama niko sawa. Nilicheka kwa sababu hilo neno ninalijua. Maneno mengine ya Kizungu nayapita tu njiani, tunasalimiana, kila mtu anaenda zake. Lakini mitingi nimelipikia chai tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nilipovua eproni majuzi. Shule niliacha darasa la nne. Kwa hilo neno moja, nina digrii.

Basi nawaandikia nyinyi wasichana mlioachiwa jiko langu. Ofisi siitaji jina, mnaijua, ni ile ya mambo ya kilimo yenye benchi nje ya mlango wa sekretari. Habari ya vyeo msiitarajie hapa. Mtu wa chai anaanza na birika na anamaliza na birika, na katikati anabadilishiwa tu birika.

Siku yangu ya kwanza nilifika kabla askari hajafungua geti. Nilikuwa nimetoka kwa kazi ya kupikia watu wa mjengo githeri, na nguo zangu zilikuwa bado zinanuka moshi. Niliambiwa Mkubwa mwenyewe ndiye atanionyesha kazi. Sekretari, Doreen, wakati huo akiwa msichana mwembamba wa kucha ndefu, akanionyesha benchi. "Mama, keti hapo kidogo. Mkubwa yuko kwa mitingi."

Nikaketi. Mlango wa Mkubwa ulikuwa wazi nusu, na kwa hiyo nafasi niliona koti lake limevalishwa kiti, mabega yamenyooka vizuri, limetazama meza. Nililiheshimu lile koti. Kila aliyepita hapo alilipitia kwa adabu, sauti chini. Jua likapanda, miguu ikaanza kufa ganzi, na bado mimi na koti tulikuwa tunaangaliana. Ndipo akaja mzee mmoja mrefu, mkavu, birika mkononi. Akanitazama, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

"Wewe ndiye mama mpya wa chai?"

"Ndiye, mzee."

"Unangoja nani?"

"Mkubwa. Yuko kwa mitingi."

"Mkubwa yuko shambani kwake Kapseret, ng'ombe yake inazaa. Koti ndiyo iko kwa mitingi. Mama, ukiingoja hiyo koti utazeeka hapo, na haitakuonyesha hata jiko iko wapi. Njoo."

Huyo alikuwa Mzee Wafula, mesenja, aliyekuwa akipika chai pia kabla yangu. Mungu amlaze pema. Kila kitu ninachojua kuhusu kazi ni yeye alinifundisha, na alinifundisha kwa kunicheka. Mwanzo alinifundisha maziwa. Maziwa yetu yaliletwa na boda boda, na Mzee Wafula hakuyapokea mpaka ametia tone moja kwa ukucha wa kidole gumba. Tone likikaa, ni maziwa. Tone likikimbia, anamgeukia yule wa boda boda: "Kijana, ulipitia mtoni?" Halafu majani: yachemke na maji kwanza mpaka yatoe rangi ya udongo wa barabara ya kwenda kijiji cha Ziwa, ndipo maziwa yaingie. Mkianza na maziwa mnapata kitu cheupe cha hospitali. Sukari weka kando kwa bakuli, maana wakubwa wote wana sukari mwilini na hakuna anayetaka wengine wajue.

Baada ya maziwa alinifundisha mlango, na hili ndilo nataka mlishike kuliko yote. "Gonga mara moja, kwa kidole kimoja," alisema, "halafu ingia. Usingoje kuambiwa. Chai haiombi ruhusa. Na ukishika trei, wewe si Mama Achieng tena. Wewe ni chai. Hawatakuangalia uso mpaka siku ya kustaafu." Nilidhani anatia chumvi. Lakini kuna bwana mmoja mle ofisini nilimpelekea chai miaka mingi, na siku moja tukakutana sokoni, nimevaa nguo ya kanisa, akaniuliza kama nauza hizo nyanya nilizokuwa nimebeba.

Sasa, mitingi yenyewe. Nyinyi mnadhani ni kitu kimoja kwa sababu Doreen anaitamka kwa sauti moja. Mimi nilikuwa sisikilizi Doreen, nilikuwa nasikiliza oda ya chai. Wakiitisha vikombe vingi, na mandazi, na maji ya chupa, na Doreen anakimbia akitafuta kalamu, hiyo ni ile ya kweli, na msiifurahie, kwa maana hata bakuli la sukari linarudi limelambwa. Wakiitisha kikombe kimoja cha tangawizi na kuambiwa "mama, weka hapo mezani pole pole," huyo Mkubwa anafanya mitingi na mto wa kiti. Tulikuwa na mmoja, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akikoroma mpaka faili zinasikia. Doreen alikuwa akifungulia redio ili watu wa benchi wasijue. Nyimbo za Injili zikianza kupanda sauti saa za mchana, tulijua mitingi imekolea.

Kulikuwa na ya vikombe viwili. Hiyo chai ilikuwa inarudi baridi na imejaa, vyote viwili. Mimi ni mama wa kanisa, sikuuliza. Lakini baada ya mara kadhaa nilianza kupika kidogo, maziwa ya watu yaharibike kwa nini?

Halafu kuna ile ya Naivasha. Hiyo inabeba ofisi nzima kama mafuriko. Mnaachwa wewe, askari, na nzi. Wanarudi wote wamevaa kofia za rangi moja na mifuko ya rangi moja, wamenona kidogo. Mara moja nikamuuliza Doreen, huko Naivasha walizungumza nini siku zote hizo? Akafikiri, akafikiri. "Walipanga ile ya Mombasa," akasema.

Na Mkubwa akisema "nataka mitingi na wewe," hiyo usipeleke chai, peleka maji. Nimeona dereva mzima, mwanamume wa kuinua gurudumu la lori peke yake, ametoka kwa hiyo mitingi na glasi tupu, akaniomba ya pili.

Niseme ukweli, iko moja niliyoipenda. Mama yake dereva huyo alipofariki, jioni baada ya kazi watu walikuja wenyewe jikoni kwangu, bila kuitwa. Mmoja alikalia debe, mwingine gunia la makaa, Doreen alisimama kwa sababu ya kucha na nguo. Kabla birika halijapoa walikuwa wameshajua nani atatoa gari, nani atapika, nani atalala na mfiwa, nani atasoma Biblia na nani asipewe hiyo Biblia kwa sababu hatanyamaza. Hiyo nayo waliiita mitingi. Kwa miaka yangu yote ndiyo pekee niliyoiona ikianza kitu na kukimaliza.

Lakini mitingi iliyokuwa kubwa kuliko zote haikuitisha chai kabisa. Ilikuwa ya benchi. Mtu anakuja na shida yake, Doreen anainua macho, anasema lile neno, na yule mtu anakaa. Maana yake ilikuwa moja: Mkubwa yuko hapo nyuma ya ukuta, anakusikia ukikohoa, na hataki kukuona. Msimlaumu Doreen. Hakuwa mtu mbaya, hata siku moja. Mdomo wake ndio ulikuwa umeandikwa kazi, yeye mwenyewe aliusindikiza tu.

Hapo kwa benchi ndipo nilipompata Mama Kiprono.

Ilikuwa ule wakati wa mashamba yote kuwa meusi, yamelimwa, yanangoja. Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua huo wakati. Kila mtu Eldoret anatembea akiangalia juu. Alikuja mama mmoja wa Ziwa, umri wangu, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, mgongo umenyooka kama amemezeshwa mti wa mwavuli, mfuko wa karatasi magotini. Doreen akamwambia neno, akakaa. Siku ya pili akaja, akakaa. Siku iliyofuata nilimkuta kwa geti kabla ya askari, kama mimi ile siku yangu ya kwanza, na moyo wangu ukamwendea. Nikamwamkia shikamoo, nikamtolea kikombe.

"Shikamoo ya nini, mama, sisi ni wa rika moja," akasema, akacheka. "Nipe hiyo chai tu."

"Unangoja nini, mama?"

Akanieleza. Mzee wake alikuwa amefariki baada ya mavuno. Mbolea ya serikali ilikuwa imefika kule kwa stoo, inatolewa, na jina lililoandikwa ni la mzee. Watu wa stoo wakamwambia hawapi mtu mbolea ya marehemu mpaka Mkubwa wa mjini atie sahihi kwamba mjane achukue. Chifu alikuwa ameshaweka muhuri wake. Ilibaki sahihi moja tu, mkono wa mtu kwenda hivi na kurudi hivi. Na magunia yalikuwa yanaisha.

"Shamba iko tayari," akasema. "Mbegu iko chini ya kitanda, nalala juu yake. Watoto wa msichana wangu marehemu niko nao, wako wanne, wanakula kama nzige. Nikipanda bila mbolea, mahindi itafika hapa," akagusa goti, "halafu igeuke manjano inisimamie tu hapo ikiniangalia. Na jana nimeona mvua kule kwa milima ya Cherangany. Hiyo inakuja, mama. Hiyo haiendi mitingi."

Nikaenda kwa Doreen. "Doreen mwanangu, si huyu mama aingie kidogo tu?"

"Mama Achieng, nimeambiwa hakuna mtu. Kuna mgeni anakuja kutoka Nairobi, mkubwa wa wakubwa. Wako kwa mitingi siku nzima leo. Nikiingiza mtu nitafuatana na yeye kwa benchi."

Wakati huo huo simu yake ikalia, akasikiliza, akanigeukia: vikombe vingi, mandazi, maji ya chupa. Basi ilikuwa ya kweli.

Nilirudi jikoni nikaweka sufuria kwa moto. Mzee Wafula alikuwa amestaafu wakati huo, lakini nilimsikia waziwazi kana kwamba amekaa kwa gunia lake la makaa. Wewe si mtu, wewe ni chai. Nikatazama ule msumari nyuma ya mlango. Eproni yangu ya pili ilikuwa hapo, safi, imepigwa pasi. Nikaichukua nikatoka nayo mpaka kwa benchi.

"Mama Kiprono, unajua kubeba trei?"

"Mimi nimebeba maziwa kwa kichwa kutoka nyumbani mpaka barabarani tangu nikiwa msichana. Trei ni nini?"

"Basi njoo ujifunge hii."

Akaelewa mara moja. Alikunja ile barua ya chifu, akaitia kifuani, akafunga eproni, akarekebisha kitambaa. Mimi nikabeba birika na vikombe, yeye akabeba mandazi. Tukapita mbele ya Doreen. Doreen akatuona, wawili badala ya mmoja. Akafungua mdomo. Halafu akainama akaanza kutafuta kitu kwa droo, na alikitafuta mpaka tulipopita. Ndiyo maana nasema hakuwa mtu mbaya.

Niligonga mara moja kwa kidole kimoja, tukaingia.

Walikuwa wamezunguka ile meza ndefu. Ukutani walikuwa wameangaza picha kubwa ya mkulima: shati jeupe, meno meupe, jembe jipya, amesimama kwa shamba ambalo si la huku, hata udongo si wetu. Juu ya picha kulikuwa na maandishi makubwa, na mimi kusoma kwangu ni kwa pole pole, kwa hiyo nilikuwa nimefikia kikombe cha tatu nilipoyamaliza. Yalisema: NAMNA YA KUMFIKIA MKULIMA WA MASHINANI.

Nilitaka kucheka nikaona nitaunguza mtu.

Bwana mmoja alikuwa akisema mkulima anaweza kufikiwa kwa semina ya siku kadhaa, pengine Mombasa, ambako akili inatulia. Mwingine akasema lazima kwanza iundwe kamati. Mgeni wa Nairobi, mama wa miwani, sauti yake chini lakini inafika, akauliza, "Lakini shida hasa ni nini? Huyu mkulima yuko wapi?"

Mkubwa akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeteseka. Wakati huo Mama Kiprono alikuwa amefika upande wake, anamwekea mandazi. "Madam," akasema, bila kuangalia ni mkono wa nani unaoweka mandazi, "wakulima wa huku ni watu wagumu. Ofisi iko wazi. Tunawangoja. Hawaji."

"Mimi nimekuja," akasema Mama Kiprono.

Mkubwa akatazama mandazi. Akatazama mkono. Akafuata mkono mpaka kwa eproni, na kutoka kwa eproni mpaka kwa uso, na alichukua muda, kwa sababu hakuwa amezoea hiyo safari.

"Mama, hii ni mitingi," akanong'ona.

"Najua, mzee. Nimeambiwa kila siku. Siku zote hizo nilikuwa hapo nje nyuma ya huo ukuta. Wewe umekohoa, nimekusikia. Unywe ndimu."

Kijiko cha mtu kikaanguka. Mimi nilishika birika kwa mikono miwili, nikamwomba Mungu anikumbuke kwa sababu nilijua kazi imekwenda. Miaka hiyo Akinyi alikuwa bado kwa chekechea, na karo yake ilikuwa ni hilo birika.

Mgeni wa Nairobi akavua miwani. "Mama, wewe ni mkulima?"

"Niko na ekari tatu, Ziwa. Imelimwa. Mbegu iko. Mvua iko njiani. Kile kinakosekana ni mbolea, na mbolea iko kwa stoo, na stoo inataka kidole cha huyu mzee kwa hii karatasi." Akaitoa kifuani, ikiwa na joto, akaikunjua, akailaza juu ya mandazi. "Mzee wangu amekufa. Mimi sijakufa."

Mabwana wakainamia karatasi zao. Hata yule mkulima wa picha alikuwa ni kama amepunguza meno. Halafu mgeni akapiga meza kwa kiganja, sisi wote tukaruka.

"Hii!" akasema. "Hii ndiyo nimekuwa nikiomba kila wilaya! Naonyeshwa picha, naonyeshwa picha, hakuna anayeniletea mkulima mwenyewe ndani ya chumba! Nani alifikiria hili?"

Sasa wasichana wangu, nimeona wanaume wakiruka mitaro, nimeona paka akianguka kutoka paani akasimama kwa miguu minne. Sijaona kitu kikigeuka hewani kama Mkubwa siku ile. Uso ulianza na hasira, ukapita kwa aibu, ukafika kwa tabasamu, yote kabla sijameza mate.

"Ni... ni utaratibu wetu mpya, Madam," akasema. Akaangalia trei. "Tunauita... Chai na Mkulima."

Wakapiga makofi. Naapa mbele ya Mungu, walipiga makofi. Yule bwana wa Mombasa alipiga kuliko wote.

Mkubwa akaomba kalamu. Mkono ukaenda hivi, ukarudi hivi, na kwa sababu mgeni alikuwa anaangalia, akapigia simu stoo hapo hapo, akawaambia kwa sauti kubwa wamwekee mama magunia yake kando, na mwenye kumzungusha atamjua yeye ni nani. Halafu wakataka picha. Mkubwa akachukua birika kutoka mkononi mwangu, akajifanya anamwagia Mama Kiprono chai. Birika lilikuwa tupu. Picha hiyo bado iko kwa ile korido, mmeipita mara ngapi. Kiwiko kile kinachoonekana pembeni ni changu.

Nilimsindikiza Mama Kiprono mpaka geti. Hakunishukuru kwa maneno mengi, alinivulia eproni akaikunja vizuri, akanipa. "Na nyinyi mnakaa na hawa watu kila siku?" akaniuliza. "Ee," nikasema. Akatikisa kichwa kama mtu anayempa pole mfiwa, akashika njia ya Ziwa mbio mbio. Magunia aliyapata jioni ile. Mvua ilinyesha kabla wiki haijaisha, mvua ile ya kupiga mabati mpaka hamsikizani, na mimi nililala Langas nikiisikiliza, ndani ya kichwa changu nikiona mama wa Ziwa ameshapanda. Alikuwa ameshapanda kweli. Yule wa boda boda ya maziwa, anayepita njia ya Ziwa, alinipa habari baadaye: mahindi yamepita goti, yamepita kiuno, kijani mpaka yanakaribia kuwa meusi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi iliyofuata ile ya makofi, Doreen alinijia jikoni, hana rangi. "Mama Achieng, Mkubwa anataka mitingi na wewe."

Mnajua hiyo ni ipi. Nilijimiminia glasi ya maji mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuniletea, nikaenda nayo. Mkubwa alikuwa ameketi, na koti alikuwa amelivaa. Akanitazama. Aliniangalia uso, Mzee Wafula hangeamini.

"Mama."

"Mkubwa."

"Yule mama wa jana. Ulimtoa wapi?"

Nikaona sina cha kupoteza ambacho hakijapotea. "Kwa benchi yako, Mkubwa. Wamejaa."

Akasugua paji la uso. Akachungulia mlangoni kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu cha aibu. "Mgeni wa Nairobi amefurahi sana. Amewaambia wengine. Watakuja wiki ijayo, na wiki inayofuata wengine." Akakohoa. "Kwa hiyo utapika chai ya watu kumi, mandazi, na mkulima mmoja."

"Mmoja tu?"

"Basi wawili. Lakini wasiwe wanaongea sana."

Nilitoka hapo na glasi yangu ya maji bila kuigusa, nikaimwagia maua ya Doreen. Halafu nikaenda kwa benchi. Ilikuwa imejaa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na wengine wamechuchumaa ukutani: wa hati za mashamba, wa mbegu mbovu, wa chanjo za ng'ombe, kila mmoja na mfuko wake wa karatasi magotini. Wote wakaniinulia macho wakidhani nimekuja kuwaambia lile neno.

"Nani hapa," nikauliza, "anajua kubeba trei bila kumwaga?"

Mikono ikapanda yote. Mzee mmoja wa Kapseret, mkono wake wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye bega, akainua wa kushoto, juu kuliko wote.